Punda wa Bibi Kalunde na Milango Waliyoisimamia

Nakumbuka Jumatatu ile ambayo punda Kulwa na Doto walinikimbiza kijiji kizima nikiwa nimevaa viatu vyangu vya usaili. Wewe, mwanangu Kabula, ulikuwa bado shule ya msingi, na najua uliniona, kwa sababu ulikuwa miongoni mwa waliojazana dirishani wakishangilia. Leo umemaliza chuo, umerudi nyumbani, Bibi amekukabidhi kamba za punda, nawe umeniandikia kuuliza ufanye nini ili wakuingizie chochote wakati unasubiri kazi. Umeuliza maswali kumi na manne katika ujumbe mmoja. Nimefurahi sana kuyasoma, maana nimejua ugonjwa wangu umepata mrithi.

Usinicheke kwa kuandika kama mzee. Sina mvi hata moja, nimejiangalia tena asubuhi hii. Lakini kwetu mdogo wa baba ni baba, kwa hiyo mimi nina haki ya kukuita mwanangu na wewe una wajibu wa kunivumilia.

Nianzie nyuma kidogo ya hiyo Jumatatu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka na nusu, na nilikuwa nimetuma maombi ya kazi mengi hivi kwamba mwenye stesheneri pale Nzega alikuwa akiniona tu mlangoni anaanza kuchapa "Yah: Maombi ya Kazi". Nikarudi kijijini kwa Bibi Kalunde, mama wa baba yetu. Kazi yangu kubwa pale ilikuwa kufikiri. Nilifikiri nikila, nilifikiri nikioga, na mara nyingi nilikuwa natafuta jibu la swali ambalo watu wa usaili waliniuliza miezi minane nyuma na wao wenyewe walishalisahau.

Bibi alikuwa na punda wawili, majike wote. Aliwanunua pamoja wakiwa wadogo, akawaita Kulwa na Doto kama tunavyowaita pacha, ingawa mama zao walikuwa tofauti. Msimu wa kilimo walilima, wakapalilia, wakavuta mkokoteni wa mavuno. Kuanzia mwezi wa saba hadi mvua za kwanza walikula, wakagaagaa kwenye majivu, na kututazama.

Baba yako, kaka yangu Masanja, alikuwa anaitamani pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Alichokuwa nacho hakikutosha. Akampata mnunuzi, mfanyabiashara wa Kigogo aliyezunguka minadani akinunua punda wa kupeleka machinjioni, wakaahidiana kwa simu wakutane mnadani Jumamosi baada ya wiki mbili. Mwanangu, usimhukumu baba yako. Nyumba ilikuwa na watoto wanne, na aliona vinywa viwili vikubwa vinakula miezi mitano bila kufanya lolote.

Siku alipomwambia Bibi, Bibi aliendelea kuchambua karanga zake kana kwamba ameambiwa habari za hali ya hewa.

"Hao punda wana kazi," akasema mwishowe.

"Kazi gani, Bibi, kiangazi hiki?"

"Hiyo mimi siijui. Mimi sikusoma." Akanyoosha kidole kwangu. "Huyu amesoma. Akiwapatia kazi kabla ya Jumamosi yako, wanabaki. Asipowapatia, wachukue, na mimi sitasema neno."

Masanja alinitazama, akacheka kwa muda mrefu zaidi ya ilivyokuwa lazima, akakubali.

Basi nikawa nimeshika roho mbili mikononi. Mtu mwingine angeamka kesho yake akawafunga mkokoteni. Mimi niliamka nikaenda kununua daftari. Siku nane, mwanangu, niliandika. Niliandika juu ya kubeba maji, kubeba tofali, kuuza samadi kwa wenye bustani za nyanya, kukodisha jembe, kusafirisha asali. Kila njia niliipa faida zake, hasara zake, na hofu zangu, na hofu ndizo zilichukua kurasa nyingi. Niliandika mpaka juu ya watalii, kwa kuwa misafara ya zamani ya kwenda Tabora ilipita huku, na nilijiaminisha kuwa wapo wageni ambao wangependa kuifuata njia ile juu ya mgongo wa punda. Jioni moja nikamsomea Bibi ukurasa huo.

"Hao watalii wamepita lini hapa?" akauliza.

"Bado hawajapita, Bibi."

"Wakipita uniite. Na mimi nitapenda kuwaona."

Kisha akanikumbusha babu yake, ambaye alikuwa mpagazi wa misafara hiyohiyo. "Alikwenda pwani kwa miguu, mzigo begani, akarudi. Hakuandika hata mstari mmoja."

"Alikuwa hajui kuandika, Bibi."

"Ndiyo maana alifika."

Siku ya tisa, ambayo ndiyo hiyo Jumatatu, nikaona nimepata ufumbuzi. Punda wawili ni kazi mbili! Kwa nini wote waende njia moja kama watu wanaokwenda kanisani? Kulwa nikamtwika madumu manne ya maji ya kupeleka kwa mama wa chai pale senta. Doto nikamwazima fundi tofali upande wa pili wa kijiji, abebe tofali kutoka kwenye tanuri. Nikavaa shati jeupe na viatu vya usaili, kwa sababu nilisoma mahali kwamba mfanyabiashara hupewa heshima kwanza kwa mavazi.

Kulwa alitembea vizuri mpaka kwenye kona ambapo nyumba yetu haionekani tena. Hapo akasimama. Akageuza sikio moja, kisha la pili. Akalia. Unajua punda anavyolia, lakini mlio huo haukuwa wa kawaida, ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango uko wazi na ndani hamna kitu. Mbali kule kwenye tanuri, Doto akajibu.

Sikumbuki kamba ilinitoka vipi. Ninachokumbuka ni dumu la kwanza likipasuka, na Kulwa akikatisha juu ya turubai la karanga za Mama Nsia, jirani yetu mfuma vikapu, naye Mama Nsia akiwa katikati ya karanga na ungo kichwani kama kofia. Upande wa pili Doto alikuwa anakuja na magunia ya tofali, tofali moja inadondoka hapa, nyingine pale, na fundi nyuma yake akiokota huku ananiita majina ambayo hayamo kwenye cheti changu. Walikutana mbele ya shule yenu. Wakalaza shingo juu ya shingo, wakafumba macho, wakatulia kabisa, wakati mimi napumua nimeinama, kiatu kimoja kimejaa maji.

Mwalimu wenu mkuu akatoka ofisini akauliza kwa upole, "Msomi, hili ni somo gani?"

Nilimlipa Mama Nsia kwa kuokota karanga punje kwa punje hadi mchana. Nilimlipa fundi kwa kumbebea tofali mwenyewe. Masanja aliporudi na kusimuliwa, alikaa chini ili acheke vizuri, kisha akasimama akaenda kuangalia kama kamba ya kuwapeleka mnadani bado ni nzima. 

Usiku huo sikula. Bibi hakunibembeleza, maana hana kawaida hiyo. Asubuhi yake nikamwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitika marahaba, akanipokonya daftari, akalitia kwenye kapu la pumba na kuweka jiwe juu.

"Umeuliza vitabu, umeuliza simu, umejiuliza mwenyewe mpaka umekonda," akasema. "Hao wawili umeishi nao tangu ulipokuwa ukivaa kaptula za shule. Unawajua nini?"

Hata kwamba hawatengani sikujua, na majina yao nilikuwa nayaita kila siku.

"Nenda zizini. Ukae. Usiandike. Ukiona kitu, njoo uniambie."

Nilikaa hadi adhuhuri. Nikarudi nikasema, "Bibi, wanakula." Akanirudisha. Siku iliyofuata nikarudi nikasema Doto hutembea kushoto daima, na ukimweka kulia anatafuta namna ya kuhama. Bibi akasema, "Ehe," akanirudisha tena. Alhamisi nikawafuata walipokwenda kunywa maji bila kuongozwa na mtu. Walipofika langoni kwa Mama Nsia wakasimama. Hakuna aliyewaita. Wakasubiri kama watu waliobisha hodi, kisha wakaendelea. Mbele kidogo wakasimama tena kwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Wakasubiri. Wakaendelea.

"Bibi, kwa nini wanasimama kwenye milango ya watu?"

"Wewe si umesoma? Waulize."

Ijumaa nzima nilijaribu kuunganisha hilo na biashara, na nikashindwa. Jioni nikamwendea kaka yangu nikamwambia ukweli: sijawapatia kazi. Hakunicheka safari hii. Aliniwekea mkono begani akasema, "Mdogo wangu, ulijaribu," na hilo liliniuma kuliko kicheko chake chote.

Jumamosi kulipopambazuka akawafunga nira, Doto kushoto, kwa kuwa mkokoteni nao ulikuwa uuzwe. Mimi nilikwenda kama anayekwenda mazikoni. Bibi akatoka amejifunga kitenge kipya na kushika kikapu.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Mnadani. Chumvi imeisha."

Akapanda mkokoteni, akakaa. Tukaondoka.

Langoni kwa Mama Nsia punda wakasimama. Masanja akavuta kamba, akapiga mluzi, akasihi. Hawakusogea. Mama Nsia akachungulia, akatusalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka! Mbona alfajiri? Mnakwenda wapi?"

"Mnadani," akajibu Masanja kwa sauti ndogo.

"Na mkokoteni mtupu? Subirini basi, nina maboga yangu na vikapu! Kila Jumamosi navunjika shingo kwa kubeba kichwani." Akaingia ndani mbio, akatoka na maboga, na kabla hayajatua vizuri akasema, "Ila nauli nitatoa. Safari hii msinikatalie. Bibi yenu alikuwa ananibebea bure mpaka nikaona haya kuomba tena. Miaka mitatu sasa naona punda wanasimama hapa langoni, nami najificha jikoni."

Mwanangu, niligeuka nikamtazama Bibi. Alikuwa anapanga maboga.

Tukafika kwa mzee wa reli. Punda wakasimama. Mzee akatoka na fimbo yake akauliza kama kuna nafasi ya majogoo manne na ya yeye mwenyewe, kwa masharti kwamba atalipia viti vitano. Tukasimama kwa mke wa mchungaji, akatukabidhi gunia la mhogo mkavu. Tukasimama kwa fundi tofali, nikataka kujificha nyuma ya gurudumu, lakini yeye, ambaye pia ni seremala, akaniletea milango miwili ya mbao aliyoitengeneza kwa ajili ya mteja wa kule mnadani. "Hii isidondoke," akaniambia, "leo sitaki kuokota." Kila mlango ambao Bibi alikuwa akiusaidia zamani, kupeleka mbegu, kuleta kuni, kumbeba mgonjwa hadi zahanati, punda walikuwa bado wanaukumbuka. Na kila mlango ulikuwa na mtu aliyekuwa na mzigo na aibu.

Hiyo ndiyo kazi niliyoitafuta kwa siku nane daftarini. Ilikuwa imesimama barabarani inanisubiri.

Tulipotoka mwisho wa kijiji hapakuwa na nafasi ya kuweka hata yai. Bibi alikaa juu ya mhogo kama mke wa mtemi, jogoo mmoja kila upande. Wengine walitembea pembeni, mzee wa reli akaanzisha wimbo wa kupandia kilima, wakaitikia, na mimi nikasahau kuwa na huzuni. Nilikuwa nasukuma gurudumu la nyuma na kuimba sehemu ambazo sizijui. Masanja aliongoza mbele. Nilimwona anageuka mara kwa mara kutazama ule mzigo, kisha masikio ya punda, kisha mzigo tena.

Mnadani yule mfanyabiashara Mgogo alikuwa anasubiri, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Akawazunguka punda, akawatazama meno.

"Wazuri," akasema. "Tumalizane."

Masanja akaishika kamba kwa mikono miwili. Nilimwona anahangaika. Alikuwa ameahidi, na kaka yangu hana tabia ya kula maneno yake. Lakini nyuma yake Mama Nsia alikuwa anashusha maboga na kuuliza kama tutaondoka saa tisa au saa kumi, mzee wa reli anauliza kama anaweza kurudi na mfuko wa saruji, na mke wa mchungaji anamwambia mtu mwingine, "Hawa ni wetu, wanatubeba."

"Nikiwauza," Masanja akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "hawa wote nitawarudisha na nini?"

Hapo Bibi akashuka. Unajua Wagogo na sisi ni watani, tangu enzi za wapagazi kukatiza nchi yao. Akamwendea yule bwana, akamtazama kuanzia kofia hadi kandambili.

"Wewe ndiye Mgogo uliyekuja kuwala wapagazi wangu?"

Yule bwana akajua mara moja amekutana na nani. Uso ukamfunguka. "Mnyamwezi! Mizigo imekushinda, sasa unabebesha punda? Babu zako wangeona aibu!"

"Babu zangu walipita kwenu wakakuta mvua imewaruka, wakawaachia maji. Hayo maji nimekuja kuyadai." Watu wakaanza kusogea. "Umewafuata wajukuu zangu bila kunibishia hodi mimi, mtani wako. Kwa kosa hilo punda hawauzwi. Na faini juu yake."

"Faini gani, mama?"

Bibi akachukua boga kubwa kuliko yote, akamwekea begani. "Peleka pale kwenye meza ya Mama Nsia. Kisha urudi uchukue la pili. Leo Mgogo ndiye mpagazi."

Mwanangu, mtu mwingine angegomba. Yule alicheka mpaka boga likataka kudondoka. Alibeba maboga yote, akiugulia kwa makusudi, akilalamika kuwa Wanyamwezi wamemtesa, na watu wakamshangilia kila safari. La mwisho alilinunua yeye mwenyewe. Akampa Masanja mkono. "Ndugu yangu, ahadi imevunjwa na mtani, haikuvunjwa na wewe. Punda wako wengi." Na kila alipokutana nasi mnadani baada ya hapo alikuwa akimuuliza Bibi kama amekuja kumpa mzigo.

Tulirudi jioni na saruji, sukari, mabati mawili, na mzee wa reli amelala juu yake. Jumamosi iliyofuata watu walikuwa wamekaa nje ya milango yao kabla hatujafika.

Nilimuuliza Bibi siku moja kama alijua tangu mwanzo. Akaniambia, "Mimi nilikwenda kununua chumvi." Na kweli alikuwa amenunua chumvi.

Sasa nikujibu maswali yako, mwanangu, si kwa mpangilio ulioyauliza, kwa sababu mengine hayana haja ya jibu.

Chagua siku na usiibadilishe. Watu wakijua Jumamosi punda wanapita, watakufungia mizigo mapema. Weka nauli na uitaje bila kutazama chini. Bibi alitoa bure kwa moyo mweupe, nasi hatukujua kwamba bure yake ilikuwa inawafanya majirani wajifiche jikoni. Anayelipa anaomba kwa raha. Mgonjwa wa kwenda zahanati huyo umbebe bila malipo, na kila mtu ajue kuwa ni yeye peke yake.

Samadi uza, wenye nyanya wataifuata wenyewe ukiiacha ikauke vizuri. Tofali beba, lakini wakiwa wawili, na mzigo uwe mdogo kuliko anaoutaka fundi. Ukikodisha punda kwa mtu wa kulima, nenda nao. Usimwachie mtu kamba, kwa maana hakuna anayemwonea huruma mnyama wa kukodi. Kagua mabega kila jioni, na ukiona manyoya yamechubuka chini ya nira, kesho hakuna kazi, hata kama harusi inakusubiri. Jumapili wagaagae majivuni. Na Doto akae kushoto.

Baba yako alikuja kununua ile pikipiki baadaye, na unajua mwenyewe kwamba mvua zikianza ni punda wanaokwenda kuinasua kwenye tope. Kwa hiyo usione aibu wenzako wakikucheka na cheti chako mkokotenini. Mimi kazi niliyonayo leo niliipata kwa sababu kwenye usaili waliniuliza nimewahi kuendesha nini, nikawasimulia habari hii yote, na mwenyekiti wa jopo akafuta machozi kwa kucheka.

Lakini kubwa ninalotaka ulishike ni hili. Kufikiri si kosa. Kosa langu lilikuwa kufikiri nikiwa nimewapa mgongo wale niliokuwa nawafikiria. Kabla ya kufungua daftari, kaa zizini. Tazama. Halafu tembea kijijini polepole, na pale watakaposimama, simama nao, ubishe hodi. Kazi nyingi zinazotafutwa mbali zipo nyuma ya mlango wa jirani anayeona haya kukuita.

Mungu akupe miguu ya babu yetu mpagazi na ulimi wa Bibi. Akufungulie milango mingi, na kila mlango utakaousimamia atoke mtu anayefurahi kukuona. Punda wako wazeeke wakiwa wawili. Na wewe mawazo yako yasikuzuie kulala, wala kula, wala kucheka mtu akikucheka.

Sasa weka simu chini, mwanangu. Kesho ni Jumamosi, na Bibi ameniambia chumvi imeisha tena.